Mume wa Matembezi

Taulo kitandani zilikuwa tatu. Mwoka mikate alizitazama, akamwita msichana wa gesti aliyekuwa bado koridoni.

"Mwanangu, sisi tuko wawili."

"Wawili, mama?" Msichana alichungulia nyuma ya mgeni wake, akatazama na ngazi. "Basi nimechanganya. Nilivyowaona mkipanda, nikadhani mna mwenzenu." Akachukua taulo moja akaenda zake.

Jambo dogo kama hilo, mwenzangu, nani angelitilia maanani? Mwoka mikate alikuwa na yake kichwani. Miaka nenda miaka rudi aliamka kabla ya jogoo kwenda kukanda unga, na sasa tanuri lilikuwa limepasuka, fundi kasema lisiguswe mpaka udongo ukauke, na tajiri wake kampa siku chache za kupumzika. Siku za kuokota! Mumewe naye alikuwa mapumzikoni. Huyu alikuwa dereva wa lori, na wenzake walimwita Breki, kwa sababu hapakuwa na jambo asiloweza kulisimamisha. Watoto walipelekwa kwa bibi yao. Na kabla hawajatoka nyumbani, mke alisema waziwazi:

"Tumekuwa kama wapangaji wa nyumba moja. Twende kwenye mji ule mdogo tukatembee, tuzungumze kama watu. Tukirudi vilevile tulivyokwenda, mimi na wanangu tunahamia kwa kaka yangu."

Breki alinung'unika, lakini akaja. Kuja alikuja, kutembea ndiyo ikawa kazi.

"Asubuhi tuzunguke mjini," mke alisema jioni ile, ametandaza ramani ya mji juu ya kitanda. "Kuna mnara wa saa, kuna soko la vitambaa. Halafu tutoke nje ya mji, tupite kwenye daraja la mawe mpaka kijiji cha wafinyanzi. Keshokutwa maporomoko."

"Maporomoko ni maji yanayoanguka," Breki alijibu, uso kaugeuzia ukutani. "Hata bombani yanaanguka."

"Basi daraja tu."

"Nimepita madaraja mangapi mimi? Mke wangu, barabara nimekula mpaka zinanitoka puani. Niache nilale."

Asubuhi ikawa yaleyale. Mara jua kali, mara viatu vinabana, mara mgongo. Kila alichopanga mwanamke, Breki alikuwa na sababu yake tayari, na chai ikapoa mezani wakibishana. Hasira zikamkaba mwoka mikate mpaka machozi yakamlenga. Siku hizi alizingoja mno! Akatupia mkoba begani, akatoka koridoni, akapaza sauti ili mtu wa kitandani asikie vizuri.

"Haya! Anayetaka kutembea na mimi aje, asiyetaka abaki na mashuka yake!"

Akabamiza mlango, akashuka.

Hakufika mbali. Kwenye kona ya duka la vioo alisikia, "Ningoje, mke wangu." Akageuka. Breki huyo, kavaa shati lake la samawati, anatabasamu.

"Ehe! Leo umeona haya?"

"Nimeona nitakukosa," akasema.

Jamani, siku ile! Walipanda mnara wa saa mpaka juu wakauona mji wote na mashamba yake. Sokoni alimshikia vitambaa avipime kwa jicho, wala hakuuliza watamaliza lini. Wakavuka daraja la mawe mkono kwa mkono, wakakaa kando ya mto, na mume akamuuliza habari za unga na tanuri, na kama bado anataka kufungua duka lake mwenyewe, mambo ambayo hakuwahi kuyauliza tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Kila alipomuuliza waende wapi, jibu lilikuwa moja: "Popote utakapo." Alinukia vizuri pia, harufu ya vumbi likiguswa na mvua ya kwanza, ingawa mbingu zilikuwa kavu.

Kule kwa wafinyanzi, mbwa walijikunyata chini ya uchaga wa vyungu wakagoma kutoka. Mama mmoja mfinyanzi alimvutia mwoka mikate kigoda, akampa maji, akaongea naye muda mrefu bila kumsalimu mumewe, bila hata kumtupia jicho. Mwoka mikate alichukia. Adabu gani hiyo?

Jua likitua walirudi. Kwenye mlango wa gesti mume akamwambia, "Tangulia, nakuja."

Akapanda ngazi akiimba, akafungua mlango wa chumba. Kitandani alikaa Breki, na fulana ileile ya asubuhi, nywele zimesimama upande mmoja, uso umevimba kwa usingizi na hasira.

"Ulikuwa wapi mchana kutwa? Mtu unamwacha na njaa namna hii, kakukosea nini?"

Mwanamke alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaliona shati la samawati. Lilikuwa bado ndani ya begi, limekunjwa kama alivyolikunja yeye nyumbani.

"Wewe," akasema polepole, "hujatoka leo?"

"Nitoke niende wapi?"

Ngazi zikalia. Alikuwa mtu asiye na haraka. Alipanda akitua kila kidato kwa uzito uleule, na kabla hajafika juu harufu ya mvua ikawa imeshapenya chini ya mlango, ikajaa chumbani, ikapanda mpaka kwenye mapazia, na mwoka mikate, aliyekuwa ameushika mkono wa mpandaji huyo mchana kutwa, aliyekula naye kwenye sahani moja, aliyemweleza siri za moyo wake kando ya maji, alitazama kitasa kikizunguka nusu, kikarudi, kikazunguka tena, taratibu, kama kinachozungushwa na mtu anayeogopa kuwaamsha wenye nyumba, kisha kikatulia, na kikohozi cha mumewe, chenyewe kabisa, kikasikika nje, na baada ya kikohozi sauti ya mumewe.

"Mke wangu, nifungulie. Kesho twende wapi?"

Breki alikuwa mtu wa kulala porini peke yake na lori bovu. Alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Nani huyo," akanong'ona, "mwenye sauti yangu?"

"Nyamaza."

"Umetuletea nani?"

"Nyamaza, nimesema. Atasikia."

"Nimeshasikia," sauti ya mlangoni ikajibu kwa upole.

Mpaka kunakucha hawakusogea. Asubuhi msichana wa gesti aliwaitia fundi viatu wa mtaa wa nyuma, mtu ambaye majirani walimwendea pia kwa mambo ya majini na mapepo. Alikuja na nyundo mfukoni, kanuna kwa kukatizwa kazi yake. Alisikiliza yote, akaguna.

"Hawa huwafuata watu wenye kiu ya jambo. Lakini hawaji bila kuitwa. Ulimwita kwa mdomo, mtoe kwa mdomo. Na umaanishe."

"Nitamaanisha."

"Mama, mimi usinihakikishie. Mimi nashona viatu, mioyo siijui."

Akafukiza ubani, akafungua dirisha. Mwoka mikate akasimama katikati ya chumba, akasema, "Niliyekuita kwa hasira, nakufukuza kwa akili zangu timamu. Toka. Usinifuate. Sikutaki." Pazia likavutwa nje kwa nguvu, likarudi. Ile harufu ikakatika. Breki, mtu mzima na ndevu zake, akalia.

"Nitatembea na wewe, mke wangu. Hata hayo maporomoko. Ila leo turudi nyumbani. Na basi lisiwe lile bovu, na mimi nikae dirishani, nyuma kunanitikisa tumbo."

Akachukua taulo akaenda kuoga kwenye bafu la mwisho wa korido, bado analalamikia basi. Mwoka mikate akabaki anafunga begi. Alipofika dirishani aliliona lile daraja kwa mbali, na kabla hajajizuia, moyo ukamwambia: hata kuagana hamkuagana. Akajikemea. Akashuka kurudisha funguo. Punde Breki naye akashuka na begi, kachana nywele, wakaenda stendi.

Basi lilikuwa bovu, redio inapiga kelele. Mume akamwachia mke dirisha.

"Leo kimya?" mke akamtania. "Hata tumbo halitikisiki?"

"Nilalamike nini, na niko na wewe?"

Mwoka mikate akatabasamu, akamshika mkono. Mji ulipobaki nyuma, simu ikaita. Alikuwa msichana wa gesti.

"Mama, mmemsahau mzee! Kitasa cha bafu kilikwama, ndiyo kwanza tunamtoa. Anagombana na kila mtu hapa!"

Na nyuma ya msichana, Breki akifoka: "Mwulize basi limefika wapi! Mtu gani anamwacha mumewe bafuni?"

Nje jua lilikuwa linachoma. Ndani ya basi ikanukia mvua ya kwanza.

"Kata simu, mke wangu," mtu wa pembeni yake alisema taratibu. "Tukifika tuwachukue watoto kwa bibi yao. Nao wanapenda kutembea?"

Mwoka mikate akavuta mkono wake. Haukutoka.