Betri Chini ya Nyasi

Kila alasiri, akitoka shule, Kokuberwa alifungua kufuli la chumba chao pale Nyakato, akawasha jiko la mkaa, akasonga ugali wa watu wawili. Wake aliula peke yake. Wa mama aliufunika kwa sahani. Mama yake, Immaculata, alikuwa zamu ya jioni katika kiwanda cha samaki, na akirudi humkuta mtoto keshalala. Walikuwa wamehamia Mwanza kutoka Bukoba, na pale uani hapakuwa na mtoto wa rika lake hata wa kuruka naye kamba.

Shuleni ndiko kulikomuumiza zaidi. Mwalimu Masele aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita wajigawe makundi, waunde mfano wa kituo cha umeme wenye maji ya kupandishwa na kushushwa. Kokuberwa akasogea kwenye dawati la Odeta.

"Wewe mla senene, huku tumejaa," Odeta alisema, akimkejeli kwa panzi wanaoliwa kwao Bukoba. Wenzake wakaangua kicheko.

Basi akaunda peke yake. Ndoo akaiweka juu ya jiwe, beseni chini. Maji yaliteremka kwa mpira yakazungusha gurudumu la vijiko vya plastiki, gurudumu likazungusha mota ya gari la kuchezea, kitaa chekundu kikawaka. Kuyarudisha maji juu alikuwa na kipampu alichopewa na fundi magari jirani. Alidhani umeme ule ule wa kitaa ungekiendesha. Wapi! Kipampu hakikutikisika. Akarudi kwa fundi kuomba betri kuukuu ya pikipiki, akaiunganisha, akaifunika kwa nyasi.

Asubuhi darasani, siku ya kukaguliwa kazi ikiwa bado, watoto walimzunguka kabla mwalimu hajaingia.

"Jamani, maji yanapanda yenyewe!"

"Umeme wa bure huo!"

Kokuberwa hakukataa. Wakati wa mapumziko Odeta alimmegea muhogo, akamwita shosti. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na mtu tangu ahamie.

Kesho yake Odeta alimvuta pembeni, mkononi ana kipande cha mpira.

"Bibi yangu kule Buzuruga hana umeme. Nimekata mpira wake wa kumwagilia mchicha. Utamuundia kama chako, si ndiyo?"

Kokuberwa aliutazama ule mpira uliokatwa. Akisema, atarudi kukaa peke yake. Akinyamaza, bibi wa watu atakaa na ndoo yake akingoja taa isiyowaka.

"Odeta, kuna betri. Niliificha."

"Yaani umetufanya mazuzu? Na mpira nishaukata!" Odeta akaondoka bila kugeuka nyuma.

Kokuberwa akaenda mwenyewe ofisini. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Akaeleza yote. Mwalimu Masele akaenda naye darasani, akaondoa zile nyasi mbele ya wote.

"Kuweka betri si kosa," alisema. "Kosa ni kuificha, na Kokuberwa amekuja mwenyewe kukiri. Hata kituo cha kweli hutumia umeme kupandisha maji. Watu wakilala, umeme mwingi hubaki. Huo ndio husukuma maji hadi bwawa la juu. Jioni kila nyumba ikiwasha taa, maji hufunguliwa, yakashuka na kuzungusha mitambo. Umeme unaorudi ni pungufu ya uliotumika."

"Sasa faida yake nini, mwalimu?" Odeta aliuliza, bado amenuna.

"Kuupata saa unapohitajika. Ni kama ghala la mahindi. Halioteshi hindi hata moja, hukutunzia ulilolima."

Kokuberwa akaomba wakaunge mpira wa bibi, Odeta akakubali kwa shingo upande, na Jumamosi akamfuata hadi Buzuruga, amebeba ukanda wa tyubu ya baiskeli wa kuungia. Walimsalimu bibi, wakamweleza kila mmoja kosa lake, kisha wakaunga mpira na kuukaza pamoja. Bibi akafungua maji, akapapasa kiungo. Hakikuvuja.

"Mngenificha, mchicha ungekauka nami ningebaki kulaumu bomba," alisema. "Wajukuu zangu, ukweli usemeni mapema, kosa lingali dogo. Haya, Odeta, mpe mwenzio ndoo. Matuta ni mengi."

Odeta akamkabidhi ndoo. "Anza upande ule, shosti. Huu wangu."