Miguu Miwili ya Jongoo

Irine, mtafiti wa majongoo, alikumbuka vizuri kwamba jongoo alikufa akiwa amejikunja. Asubuhi hiyo, ndani ya chupa ya spiriti, alikuwa amenyooka, kichwa kimeelekea mlango wa chumba alichopanga kijijini Gonja.

"Spiriti imemlegeza," alijiambia, akarudi kwenye hadubini.

Jongoo huyo hakufanana na yeyote aliyewahi kuandikwa. Jenasi mpya, yaani kundi jipya la spishi, hutambuliwa kwa miguu miwili ya uzazi ya dume, nayo hukatwa ili ichorwe. Irine aliikata jana saa nne. Lakini jongoo alitoka katika msitu wa ukoo wa Mzee Aminieli, ambamo hata jani halitolewi, na anayemwingiza mgeni humdhamini. Mzee alisema mbele ya ndugu zake, "Miguu yangu ndiyo iliyomleta. Akitoa kitu, idaiwe yenyewe." Alipogeuka tu, Irine akamtia jongoo mfukoni.

Mlango uligongwa. Alikuwa Esta, mke wa mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako hainuki. Jana saa nne anapalilia tangawizi, miguu yote miwili ikaisha nguvu." Akashusha sauti. "Anauliza kama ulitoka na kitu. Nikamwambia, usimsingizie mtoto wa watu! Huyu hata chai yetu alikunywa nusu kwa aibu."

Esta aliaga, akaondoka. Ndipo harufu kali ya dawa ya vidonda, ile wanayotoa majongoo wakiguswa, ikajaa chumbani, na juu ya dari ukaanza mwendo wa miguu midogo isiyohesabika, ukienda hadi ukutani, ukishuka, ukipita chini ya kitanda, ukikaribia, mpaka ukafika kwenye kiti chake na kutulia, kama mtu anayesubiri kupewa chake.

Alikimbilia msituni. Alifukua udongo, akamlaza jongoo pamoja na mguu mmoja kati ya ile aliyoikata. Wa pili aliubakiza kwenye kichupa. Bila huo, jenasi yake haina ushahidi.

Jioni Aminieli alimpokea mlangoni kwake amesimama, akiburuta mguu wa kushoto.

"Nimewaambia ndugu zangu hukutoa kitu," alisema akitabasamu. "Nimekudhamini tena, kwa mguu huu uliopona."

Sema, Irine alijiambia. Badala yake alitia mkono mfukoni kukishika kichupa, na ndani yake akasikia kitu kidogo kikipiga hatua.