Fisi wa Majaribio

Haya yalimpata mjukuu wangu Nikodemo, mwaka ule Nkuhungu, mtaa wetu hapa Dodoma, ilipojaa miradi. Ukiwa na vyumba viwili na feni, unawapangisha wenye kompyuta.

Asubuhi moja alikuja kunipa shikamoo, kashiba chai na maneno. Mwalimu wao wa kompyuta, Abbasi, alikuwa akiwafundisha kutengeneza programu ya kuandikia wanyama pori: umeona nani, wapi, mzima au amekufa. Haiuzwi wala haifungwi. Yeyote aichukue, aifungue ndani, airekebishe.

"Ya nani sasa?" nikamuuliza.

"Ya wote, bibi."

"Cha wote hakikosi wa kukila."

Ili kuijaribu, walikuwa wanajaza wanyama wa uongo. Twiga sokoni, tembo chooni, darasa linacheka. Siku hiyo Loisi, kikongwe wa jirani, alikuwa dirishani akiwauzia karanga. Nikodemo akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Fisi. Uani kwa Loisi. Amekufa."

Kwetu Wagogo fisi ana mwenyewe, anayempanda usiku. Ukikuta mzoga wake unapita kimya, humtangazi. Mpumbavu yule alilijua hilo tangu ananyonya.

Loisi akaweka ungo chini. Akanong'ona, "Umeniulia mnyama mbele za watu. Sasa nitapanda nini?"

"Nunua baiskeli, bibi."

Darasa likaangua kicheko. Loisi hakumtazama usoni. Alimtazama mgongo, taratibu, kama wanavyotazama punda mnadani Msalato.

Kesho yake Nikodemo aliamka viganja vimechunika. Magoti pia. Kucha zimejaa udongo mwekundu, na mtaa wetu mchanga wake ni mweupe. Mama yake, binti yangu Anjelina, akaanza kumfungia mlango na kulalia ufunguo. Asubuhi kufuli liko vilevile. Mtoto anahema. Akatapika ukwato wa mbuzi.

Alikimbilia kwa Abbasi. "Mwalimu, mrudishe yule fisi. Andika mzima!"

"Wa uongo nimeshawafuta wote," Abbasi akasema. "Na wewe kaoge kwanza. Unanuka."

Wenzake wakaziba pua. Walicheka tena.

Anjelina akabeba kuku mweusi, akaenda kupiga magoti kwa Loisi. Mimi nilimwambia asiende. Loisi alimpokea kuku, akamchinja, akampika, akala mpaka shingo, Anjelina bado kapiga magoti.

"Mtamu," akasema. "Ila safari bado ninazo."

Nikodemo alikonda. Akaacha kusema. Akaacha kusimama. Chakula alikifuata sakafuni kwa mdomo. Ukimgusa mgongo, anainama.

Akafa.

Bartolomayo, kaka yangu, ndiye aliyemwosha. Alitoka nje mikono inatiririka maji, akaniita peke yangu nikaone.

Mbavuni, kulia na kushoto, palikuwa na sugu. Nyeusi. Ngumu. Kila moja sawa na kisigino cha mtu.

Zilikuwa sugu za miaka mingi. Na mtoto hakuugua hata mwezi.