Mtoto wa Mgema kwenye Tamasha la Mvinyo

Alhamisi, saa kumi alasiri.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la Mejumaa, mtaa wa Kuze. Mbele, Mejumaa alishona mabuibui. Nyuma alikuwa amempangisha Levi, na hakuwa na tabia ya kuuliza.

Levi alipanga vikombe vya kahawa juu ya mkeka, Athmani na Kazungu wakitazama.

"Hapa hoteli. Hapa uwanja wa gofu. Hapa Feri, dakika tano kwa gari. Tukishavuka Likoni, tuko Diani kabla jua halijachwa. Mnunuzi anangoja na boti yake."

Levi aliwahi kuwa karani bandarini. Alifukuzwa, lakini ukarani haukumtoka. Kila kitu kwa saa, kila mtu na mahali pake.

Kilichotakiwa ni kreti moja. Chupa sita za mvinyo wa Kireno, umri wake umepita miaka sitini. Zililetwa kwa tamasha la mvinyo la Jumamosi, zipigwe mnada jioni. Mpaka hapo zingekuwa stoo ya chini, na ufunguo anao mtunza stoo. Mtunza stoo aliitwa Kenga. Alikuwa mdogo wake Kazungu, tumbo moja.

"Kama Kenga afungua mlango wa nyuma," Athmani aliuliza, "huyu Kazungu aenda fanya nini huko ndani na suti?"

"Kenga akifungua mwenyewe, polisi watamtafuna," Levi akasema. "Wageni wenye kadi wanaruhusiwa kushuka kuziona chupa, mmoja mmoja. Kazungu atashuka saa tisa u nusu kamili, mlinzi akienda kula. Atamfunga Kenga kamba, atamfunga na macho, ndipo akufungulie wewe. Kenga hatakuona. Yeye atawaambia polisi ameingiliwa na mgeni wa Nairobi. Na mgeni huyo hayuko duniani."

Kazungu alikuwa ameegemea ukuta. 

"Kenga asiguswe," alisema.

"Nani amguse?"

"Kamba nitafunga mimi. Mwingine asimsogelee."

Levi akatabasamu. "Ndivyo nilivyopanga."

Kazungu alikaa miaka minne gerezani Shimo la Tewa kwa wizi wa makontena uliopangwa na Levi, na hakumtaja mtu. Alipotoka, wali na maji vilikuwa na ladha moja mdomoni. Mkewe alikuwa amekwenda zake; hakuumia. Mamake alikuwa amezikwa Kaloleni, hakulia. Katika miaka ile minne ni Kenga peke yake aliyekwenda kumwona, kila mwezi, na mkate wa mofa mfukoni. Na Kenga aliingia katika jambo hili kwa sababu moja tu: aliyemwomba ni kaka yake.

Athmani alitoa glavu za mpira mfukoni, akazijaribu. Mtu wa Kuze hapo hapo, mabavu ya watu wawili, hajaonja pombe tangu azaliwe na hakutaka kuigusa kreti kwa mkono mtupu. Kuiba sawa. Pombe, la. Kila mtu na ucha Mungu wake.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.

Kazungu alipanda treni ya Nairobi pale Mariakani, kwa suti ya kijivu iliyopunguzwa na Mejumaa, ili ateremke Mombasa pamoja na wageni. Kadi kifuani ilisema Bwana Kadenge, Nairobi.

Mwanamke wa kiti cha mkabala aliiona kadi, akafurahi. Aliitwa Beryl. Alifundisha kemia shule ya wasichana huko bara, na amengojea tamasha hili mwaka mzima.

"Wewe unapenda wa aina gani?" aliuliza.

"Wowote."

"Hilo ndilo jibu la mjuzi au la mlevi," Beryl akasema, akacheka. Kazungu hakucheka. Alitazama nje, minazi ikipita.

Saa nane mchana.

Meza zilipangwa bustanini chini ya mahema meupe. Watu walizungusha bilauri, wakanusa, wakasukutua, kisha wakatema kwenye ndoo ya shaba. Kazungu alitazama ndoo ile muda mrefu.

"Lazima uteme," Beryl alimnong'oneza. "La sivyo saa kumi watakubeba."

Hakuweza. Babake alikuwa mgema. Nyumbani kwao, ukitema pombe ya mnazi ya mtu mbele yake, umemwita mchawi. Na hapa wenye mvinyo walikuwa wamesimama nyuma ya meza zao, wanakukodolea macho usoni. Alimeza. Meza ya pili akameza. Ladha hakuipata, ila joto tu likashuka kifuani.

Saa tisa na dakika kumi na nane.

Meza ya mwisho ilikuwa ya mzee mmoja wa Rasi, kule Afrika Kusini, mikono imepasuka kwa jembe. Kazungu akanywa mara moja tu, aage, ashuke.

Akasimama palepale.

Ladha ilikuja. Miaka yote ile hakuna, halafu ikaja yote kwa pamoja, chungu, nzito, na nyuma yake utamu mdogo uliobanwa. Aliijua. Babake alikuwa akionja mnazi wa alfajiri na kutaja mti gani umekatwa vibaya na upi una kiu. Alimfundisha Kazungu. Kenga hakuweza kamwe. Ulimi wake ulikuwa wa chai.

"Waonaje?" mzee akamwuliza kwa Kiingereza.

"Mti huu ulikuwa na kiu," Kazungu alijibu, kwa Kiingereza chake alichookota akihudumu baa zamani. "Si mwaka ule tu. Na mwaka wa nyuma yake."

Mzee akaweka chupa chini. Akamwita mwanawe. Akawaita wa meza ya pili. Miaka miwili ya ukame, alisema, na katika nchi tano alizozunguka hakuna aliyemwambia hivyo. Wakamzunguka. Wakamletea bilauri nyingine, na nyingine. Huu je? Huu uliwahi kunyeshewa wakati wa kuchumwa. Na huu? Huu umechanganywa, bwana, msinidanganye. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Beryl alimshika mkono na macho yanamng'aa kwa furaha, utadhani yeye ndiye aliyemzaa.

Hakuna aliyewahi kumsikiliza Kazungu namna ile, si hakimu, si Levi. Alikuwa na furaha. Ni vizuri isemwe wazi, kwa sababu ndiyo iliyomponza: alikuwa na furaha, na hakutazama saa.

Alipoitazama ilikuwa tisa na dakika thelathini na nane.

Alishuka ngazi kwa mwendo wa mgeni, kisha kwa mbio. Mlango wa stoo ulikuwa umerudishwa. Kabla hajausukuma, Athmani akatoka na kreti ndani ya gunia, akaufunga kwa mgongo.

"Kenga?"

"Nishamfunga. Twende."

"Nimwone."

"Mlinzi yuaja. Wataka tufe sote?"

Viatu vya mtu vilisikika juu ya ngazi. Kazungu akamfuata kwa ujia wa nyuma. Tutamlaumu baadaye, kwa wakati ule miguu ndiyo iliyoamua.

Saa kumi kasoro dakika tano.

Levi alikuwa ameazima gari la kuuzia barafu. Walikuwa wa kwanza kuingia ferini, pua ya gari imegusa mnyororo wa mbele. Nyuma yao malori, mikokoteni, na watu mamia wa miguu. Levi akazima injini kama sheria inavyotaka. Feri ikang'oka.

"Walikuchelewesha nini?" aliuliza.

"Walikuwa wananisifu."

Levi alicheka kwa pua. "Mgema akisifiwa," akasema, na hakumalizia. Nani Mombasa hajui mwisho wake?

Kazungu aligeuka kumtazama Athmani nyuma. Athmani alikaa juu ya masanduku matupu ya barafu, kreti mapajani. Gunia lilikuwa limeteleza. Mikono aliyoshikia mbao ilikuwa mitupu.

"Glavu ziko wapi?"

"Nimezitupa."

"Kwa nini?"

Athmani alilivuta gunia juu ya kreti. 

"Athmani. Kwa nini umezitupa?"

"Nalikungoja, yakhe. Wallahi nalikungoja." Sauti ilikuwa ndogo kwa mtu wa mwili ule. "Nikagonga. Akafungua mwenyewe, adhani ni weye umezunguka nyuma. Akaniona uso. Levi aliniambia tangu jana, Kazungu akiwapo, Kenga mwache. Akiwa hayuko, usiache mtu aliyekuona. Nikampiga na nondo. Mara moja tu. Hakusema kitu."

"Anapumua?"

"La."

Levi alitazama mbele. "Ni kazi," alisema. "Ungekuwapo, angekuwapo. Mgawo wake utauchukua wewe."

Kazungu alingoja kitu kimjie. Kilio, au hasira. Havikuja. Kilichokuja ni aibu. Ndugu yake anapigwa nondo kichwani, naye yuko juu na bilauri mkononi, anawaambia wazungu mti upi una kiu. Aibu ile ilimjaa mpaka masikioni.

Akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa gari, akautupa dirishani. Ulipita juu ya reli, ukaangukia majini.

"Una wazimu?" Levi alisema.

Kazungu alishuka. Akaenda nyuma, akafungua mlango, akachukua kreti mapajani mwa Athmani. Athmani aliiachia. Chupa ya kwanza akaivunja shingo kwenye reli ya chuma. Hapakuwa na udongo, kwa hivyo alimimina sakafuni, polepole, kama babake alivyowamiminia koma, wazee waliotangulia.

"Kenga wa Charo," alisema. "Hiki chako. Nenda salama. Uwasalimie baba na mama."

Mvinyo ulitiririka kati ya ndara za watu. Wakasogea. Chupa ya pili. Ya tatu. Levi alimjia karibu, akazungumza bila kufungua meno. Alimkumbusha Diani, boti, maisha. Bastola ilikuwa kiunoni mwake, na ingebaki huko, kwa maana pande zote ni watu na ng'ambo askari wanaonekana.

"Baba, wamwaga nini hicho?" mama mmoja mwenye kapu la samaki aliuliza.

"Namnywesha mdogo wangu."

Mama akatazama chini, kisha akavua ndara zake, akasimama pembeni kwa adabu. Alikuwa Mgiriama kama yeye. 

Saa kumi na dakika saba.

Feri iligota Likoni, mnyororo ukashushwa, na gari la barafu halikwenda. Malori yakaanza kupiga honi. Levi alijitia katika umati wa miguu, hakukimbia, alitembea tu na shati lake la kijani. Athmani alibaki ndani ya gari amejishika kichwa.

Askari wawili walishuka kuona kinachozuia magari. Walimkuta mtu wa suti, mkono umekatwa na chupa, unatoka damu, anamimina ya sita.

"Yule wa shati la kijani," Kazungu aliwaambia, "na huyu aliye ndani. Na mimi. Kuna maiti stoo ya chini, hotelini, upande wa gofu. Mwende mkamfunike."

Mmoja akakimbia nyuma ya Levi, akamfikia kwenye vibanda vya machungwa. Wa pili alimshika Kazungu kola.

"Maiti ya nani?"

"Ya ndugu yangu."

"Wewe umemfanya nini?"

"Nimechelewa," Kazungu alisema. "Dakika nane."

Askari alimtazama, hakuelewa, akamtia pingu.