Sindano za Masalu

Kikombe cha bati kilikwaruza sakafu gizani, kikanyamaza, kikakwaruza tena.

— Masalu, ni mkono gani huo?

Mume wangu aliguna tu. Tangu kiharusi kimwangushe, miezi mitatu sasa, ulimi wake ulikuwa mzito. Nikapapasa. Ulikuwa wa kulia, ule uliokufa.

Nikaukumbatia mkono ule mpaka kukapambazuka. Sikumwonyesha ujumbe alionitumia mdogo wake jana jioni: "SHEMEJI, MAMA ANAKUJA ASBH NA GARI. FUNGASHA NGUO ZA KAKA. ANARUDI NYUMBANI KAOZE KWA MGANGA. NESTORY."

Zilikuwa zimebaki siku kumi za sindano.

Mama mkwe, Mama Minza, aliteremka kwenye pikapu pamoja na Nestory, daktari Flavian akiwa chumbani anamchoma Masalu sindano. Flavian ana zahanati yake hapa Milanzi. Sindano za Kichina, zile zisizo na dawa za kuamsha mishipa, alizisomea.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mwanangu yuko wapi?

Kabla sijajibu, Masalu akapiga ukelele. Mama akanipita. Akamkuta na sindano nyembamba kuanzia pajani hadi unyayoni.

— Mmemgeuza nungunungu?

— Mama, juzi niliumwagia mguu huo uji wa moto kwa bahati mbaya. Hakuhisi kitu.

— Na leo analia. Huko ndiko kupona? Nestory, mfunike blanketi. Na wewe Marsiana, bado kijana. Rudi kijijini kwenu Kate ukaolewe na mzima.

— Nimeshaolewa, mama. Na huyu.

Nikasimama mlangoni. Nikashika miimo yote miwili.

— Mama, ng'ombe akianguka malishoni, mnamfanyaje kabla ya kumchinja?

— Mtoto wa walima ulezi unifundishe mimi mfugaji habari za ng'ombe?

— Nauliza tu. Aliniambia Masalu mwenyewe, enzi za uchumba.

Mama akafunga upya khanga yake.

— Tunamchoma mguu kwa mwiba.

— Akishtuka?

Nestory, blanketi mkononi, ndiye aliyejibu:

— Hachinjwi. Anapewa maji, anasubiriwa.

— Basi kaka yako ameshtuka, shemeji. Msubirini.

Flavian alikuwa anachomoa sindano moja moja, bila haraka.

— Mama, sikuahidi kwamba atakimbia. Kuna mazoezi, kuna dawa za presha, na hizi ni msaada tu. Ila akikatisha sasa, mimi sitajua angefika wapi.

Mama Minza akakaa ukingoni mwa kitanda. Akauminya ule mguu, na Masalu akaukunja kidogo. Akauminya tena, polepole, kama asiyeamini vidole vyake.

— Nataka aseme yeye, alisema. Mimi nimemzaa, sitamburuta.

Masalu akafungua mdomo. Jasho likamtoka. Sauti ikaja nzito, imekwama kama gari kwenye tope la masika.

— Anasemaje? Nestory akauliza.

Flavian akatikisa kichwa. Hata mimi mkewe sikuambulia kitu.

Angela wetu, miaka minne, anayeshinda na baba yake kwenye mkeka wakipiga hadithi, akachungulia nyuma ya kitenge changu.

— Baba anasema anakaa hapa na mama.