Funguo Kwenye Kola

Ndugu zangu, nisikilizeni, na anayetaka kununa anune. Mimi shule niliiacha mapema, sina Kiswahili cha kuremba. Nina haya tu niliyoyaona kwa macho yangu, tena kosa lenyewe lilipitia mikononi mwangu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, dukani kwa dada. Dada yangu ni fundi cherehani, watu wanamwita Sindano Moto maana akishika kitambaa hakiponi. Yeye yuko kwenye cherehani, mama yuko mlangoni anachambua vifungo kwa rangi, mimi niko na pasi. Redio iko chini chini. Raha tupu. Siku hiyo hata nguo ya mtu sikuunguza, jambo ambalo kwangu ni muujiza.

Akaingia Nesi. Huyu ni mteja wetu wa miaka, anafanya kazi zahanati ya jirani. Hodi hakupiga.

"Fundi, umeanza lini kutaka picha za watu uchi?"

Cherehani ikanyamaza.

"Nini wewe?" dada akauliza.

"Usininini. Soma."

Akamsukumia simu. Ujumbe umetoka kwenye ukurasa wa dada, ule wa mtandaoni anaowekea picha za nguo anazoshona. Jina lake, sura yake. *Mpenzi, nitumie picha ukiwa na nguo ya ndani tu nipate vipimo sawasawa, gauni lisije likakubana.*

"Si mimi! Haki ya Mungu si mimi!"

"Najua si wewe. Tangu lini ukaniita mpenzi? Wewe unaniita pipa. Hapo ndipo niliposhtuka."

Dada akashika simu yake afungue ukurasa. Neno la siri limekataliwa. Akaandika tena, polepole. Limekataliwa. Akajaribu barua pepe. Nayo hivyo hivyo. Neno lilikuwa moja kwa kila kitu, kwa hiyo mwizi alipopata mlango mmoja alipata nyumba nzima.

Sasa wewe unayesema "ukurasa tu huo, si afungue mwingine", ngoja kwanza. Fundi wa nguo anajua miili ya watu. Anajua nani ana kovu tumboni, nani bega moja limeshuka, nani ameomba gauni pana kwa sababu mimba bado hajaitangaza. Wanawake walikuwa wanamtumia picha humo kwenye ukurasa, wamesimama mbele ya kioo, wanauliza "hapa pamekaa vizuri?" Miaka kumi na moja ya picha. Walimwamini. Hizo ndizo zilizokuwa mkononi mwa mshenzi tusiyemjua.

Tukamwita binamu yetu, fundi wa kompyuta. Alikuja amenuna, na ana haki. Mwaka uliopita alituambia tuweke programu ya kutunza maneno ya siri. Alieleza vizuri kabisa: ni kama kabati lenye kufuli ndani ya simu. Kila akaunti inapata neno lake, refu, la ajabu ajabu, programu yenyewe inalitunga na kulikumbuka. Wewe unashika neno moja tu, la kufungulia kabati. Dada alimjibu, "Mimi na vitambaa hivi, nitapata wapi muda?" Mama akasema sisi si majambazi mpaka tufichefiche mambo. Na mimi nilicheka kuliko wote. Nilimwambia, "Binamu, niliacha shule, akili sikuacha."

Basi, siku hiyo akauliza, "Neno lenyewe lilikuwa nini?"

Dada akatazama sakafu. "SindanoMoto2013."

Nesi akapeleka mkono nyuma ya shingo, akapindua kola ya blauzi yake. "Hili hapa?"

Lebo yetu. Nyuzi nyekundu kwenye kitambaa cheupe: SINDANO MOTO 2013. Jina la duka na mwaka tuliofungua.

Ndugu zangu, lebo zile nashona mimi. Kila gauni, kila shati, kila sare, mimi ndiye ninayekaa na sindano na kuzibana kolani. Miaka yote hiyo nilikuwa nagawa funguo za nyumba yetu, na nilikuwa naona fahari kwamba zimenyooka.

Mchana ujumbe ukaingia kwenye simu ya dada. *Lipa kabla ya Jumatano. Ukikaidi, picha za wateja wako nazimwaga zote.*

Muuza viatu wa mlango wa pili akashauri kwa sauti ya chini. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mlipe, nyamaza, nani atajua?"

Dada akasimama. Sijawahi kumwona vile.

"Nikilifunika leo, kesho atarudi na wenzake. Halafu kombe lenyewe si langu, ni la wateja. Silipi. Na sinyamazi."

Akavuta daftari la vipimo, lile lenye namba ya kila mteja pembeni ya kiuno na kifua chake. Akaanza kupiga simu. Siku tatu mfululizo, sentensi zile zile: "Mimi Sindano Moto. Ukurasa wangu umeibiwa pamoja na picha zako. Usitume kitu. Uzembe ni wangu."

"Mwanangu," mama akasema, "si useme tu umeibiwa? Hilo la uzembe mwachie Mungu."

"Mama, nikificha la uzembe, na wao watabaki na uzembe wa kwao."

Wengine walimtukana. Mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sasa atapunguziwa bei. Lakini bibi harusi mmoja aliuliza, "Hata ile ya kupimia gauni?" Kisha akasema, "Nilishatuma."

Jumatano picha yake ilisambaa.

Alhamisi mama yake alikuja na gauni la harusi, akaliweka mezani. Lebo ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kola ina tundu. "Mwanangu hawezi kuvaa jina lako," alisema. Dada hakujitetea. Aliuliza tu, "Mtaniruhusu niende naye polisi? Ushahidi wote ninao mimi."

Wakaenda. Nesi naye akawakusanya wateja, wakauripoti ukurasa ule wote kwa pamoja, mpaka ukafungwa. Ulikufa na kazi za miaka kumi na moja za dada yangu. Mwizi mpaka leo hatumjui. Na bibi harusi alishonewa kwingine. Akipita barabarani dada anasimama, anasalimia, wala hategemei kujibiwa.

Kabati la binamu sasa tunalo wote, hata mama. Alibisha kidogo: "Na nikilisahau hilo neno moja?" Binamu akamwambia aliandike kwenye karatasi, aliweke anapopajua mwenyewe. Ameliweka wapi? Sijui, na ningejua nisingekwambia.

FUNZO

Anayetumia neno moja la siri kila mahali amewapa wezi ufunguo mmoja wa milango yote. Jina lako, jina la mtoto, mwaka wa kufungua duka, hayo si siri, mtaa mzima unayajua. Weka programu ya kutunza maneno ya siri, kila akaunti iwe na neno lake, na lile la kufungulia liwe refu na usimpe mtu, hata mimi. Usiseme huna cha kuibiwa. Unatunza vya wenzako. Na mwizi akikutisha, usimlipe kwa ukimya wako. Sema mapema, sema kwa sauti, aibu iende kwa mwenyewe.

Lebo tumebadilisha. Bado nashona mimi, bado zinanyooka. Dada ndiye aliyechagua maneno, na akasema atakayekereka akashonewe kwingine. Pindua kola ya nguo yetu yoyote mpya utayasoma: HUMU HAKUNA FUNGUO.