Sweta ya Pepa na Mwanya wa Gracieuse

Siku boti la Moba na boti la Kigoma yanapofika pamoja, bandari ya Kalemie inakuwa viwiko vitupu. Mwenye mzigo anasukuma, asiye na mzigo anasukuma zaidi, na mapolisi wanapuliza filimbi kwa kujifurahisha tu. Humo ndani ndimo alimokuwa Gracieuse, akitafuta balo yake, furushi kubwa la vitenge vya Kigoma. Kiunoni alijifunga liputa la manjano lenye ndege wa buluu, juu alivaa blauzi, libaya lenye mikono iliyovimba kama maandazi. Na mdomoni alikuwa na vyuma vya meno.

Vile vyuma, tuseme ukweli mapema, havikuwa vya daktari. Alibandikwa na rafiki yake Bertille, mwenye saluni, kwa gundi ya kucha, kwa sababu siku hizi pale mjini msichana mwenye vyuma anaonekana mtoto wa bosi. Lakini Gracieuse alikuwa na sababu yake nyingine. Chonge lake la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limetoka mbele ya wenzake kama mtu anayechungulia dirishani, na tangu utotoni hajawahi kucheka bila kuweka mkono mdomoni. Katikati, kati ya meno mawili ya mbele, alikuwa na mwanya mzuri sana, mwanya wa mama yake na wa nyanya yake. Lakini mwanya nao ulikaa nyuma ya mkono, kwa kosa la jirani.

Basi mbeba mizigo mmoja akapiga kelele, "Pisha! Pisha!" Watu wakayumba, na Gracieuse akatupwa uso mbele kwenye mgongo wa mwanaume mrefu aliyekuwa ameshuka sasa hivi kutoka boti la Moba. Mwanaume huyo alivaa sweta ya sufu, nene, nyekundu, na jua la Kalemie liko kichwani! Kindoano cha vile vyuma kikashika uzi. Gracieuse alipotaka kurudi nyuma, sweta ikaja naye.

"Nani ananivuta?" mwanaume akauliza, akipapasa mifuko yake. "Mwizi!"

"Hi mwihi!" Gracieuse akajibu ndani ya sufu. Alitaka kusema si mwizi.

"Unaniuma, mama?"

"Hikuumi! Nimehwama!"

Mwanaume akageuka amwone. Kwa kuwa Gracieuse alikuwa amefungwa mgongoni mwake, naye akazunguka. Wakawa wanazunguka kama kuku wawili wa kamba moja, mpaka mama mmoja mwenye beseni la samaki akakasirika.

"Eh, bapenzi! Muende mukapendane kwenu, siye tunapita!"

Mwanaume akaona hakuna njia. Akaivua sweta kwa kichwa, akabaki na singleti, na sweta ikabaki inaning'inia mdomoni mwa Gracieuse kama majani mdomoni mwa mbuzi. Alipomwona hivyo, akainama taratibu, akaanza kufungua uzi kwa kucha.

"Usicheke, utaukata," akasema.

Ukimwambia mtu asicheke, umeshamchekesha. Gracieuse alicheka, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika sweta. Hakukuwa na mkono wa kuficha kitu. Mwanaume akasahau uzi kidogo, akatazama tu. Kisha akakumbuka kazi yake, akachungulia ndani.

"Muntu aliyechora hiki kindoano," akasema, "hajawahi kuwa na mudomo."

"Unasemaje?"

"Kinatazama inje. Na hii gundi... Mungu wangu, hii njo gundi ya makucha!"

"Papa, mi nimekuuliza habari ya gundi?"

"Mi ni Rubens. Ninatengeneza vyuma vya meno kwa Dokta Dorothée, kule juu mulimani. Vyuma vya kweli."

"Na hii sweta ya kweli, kwa hili joto, umetumwa na nani?"

"Shangazi yangu wa Pepa, mulimani kule Moba, aliifuma. Kule kwenye ng'ombe baridi ni kali. Aliniapisha nisiivue mpaka nifike nyumbani."

"Sasa umeivua."

"Weye njo uliyenivua," Rubens akajibu.

Gracieuse alimpa namba yake ya simu. Alijiambia ni kwa ajili ya meno.

Gracieuse alipokwenda kule mlimani, Dokta Dorothée alimkwangua ile gundi yote, akimgombeza kama mtoto wa kwake. Kisha Rubens akamwambia ang'ate kitu laini kama ugali wa bukari uliopoa, akamimina plasta ndani ya alama zake, na kesho yake Gracieuse akayaona meno yake yamekaa juu ya rafu, yanamtazama. Rubens alikuwa na ndoto moja: kuchora vyuma vyake mwenyewe. Vile vya kununua, alieleza, kila kifungo kinachobandikwa juu ya jino kina pembe na ndoano. Kinanasa majani ya muhogo ya sombe, kinanasa mifupa ya dagaa wa ndakala, na sasa tumeona, kinanasa hata sweta. Yeye alitaka kifungo cha mviringo kama mgongo wa haragi, kidogo kuliko punje ya mchele. Nyuma yake ilale sawasawa juu ya mbinuko wa jino. Mbele yake uwepo mfereji wa kupitisha waya, na huo mfereji usiiname ovyo, maana ukiinama kidogo tu, jino linageuka kumtazama jirani. Alichora kwenye kompyuta, halafu mashine ndogo ikachapa tabaka juu ya tabaka. Umeme wa mtambo wa Bendera ukikatika katikati, kifungo kinatoka kama karanga iliyoungua, naye anaanza upya bila kulalamika.

Mtu mwenye subira namna hiyo anapendwa bila taabu. Tatizo lilikuwa simu zake.

"Alo, roho yangu. Mchana umekula nini?"

"Bukari na ndakala."

"Na zimekwama wapi?"

"Rubens! Wanaume wengine wanauliza umelalaje."

"Umelalaje?"

"Muzuri, sheri."

"Mudomo wazi ao umefungwa?"

Bertille alikuwa akisikia hayo anashika mbavu. "Dada, huyu hakupendi weye. Anapenda plasta. Mulinzi wa kwa Dokta amemukuta anaongea nayo!" Gracieuse naye alicheka, mkono mdomoni. Lakini neno lile lilibaki tumboni mwake kama kokwa.

Jumamosi moja alikuwa kwenye meza yake sokoni pamoja na mama yake, Mama Jeannette, mikono imejaa vitenge. Simu ikalia, akaiweka sauti kubwa.

"Sheri, nimemaliza kuchora!" Rubens alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Chonge lako litashuka kwenye mustari. Na ule mwanya wa katikati tutaufunga kabisa! Hata uzi hautapita!"

Mama mmoja aliyekuwa anapima kitenge akakiachilia kikaanguka. Mama Jeannette, mwenye mwanya uleule, akafunga mdomo wake polepole.

"Utafunga nini?" Gracieuse akauliza.

"Mwanya. Ile kasoro."

"Kasoro!" Mama Jeannette akainuka, akimtazama binti yake. "Baba yako alinifuata mpaka Manono na baisikeli sababu ya hii kasoro!"

Gracieuse akakata simu. Vitenge alivikunja vibaya, akavikunjua, akavikunja tena. Yule alikuwa mtu wa kwanza duniani aliyemwona akicheka bila mkono. Siku zote alifikiri Rubens alisahau uzi kwa sababu ya kile kicheko. Kumbe alikuwa anakagua makosa, kama fundi anayetazama nyumba iliyopasuka. Kuanzia siku hiyo mkono ulikaa mdomoni, ukawa haushuki.

Rubens alipiga, hakupokelewa. Akatuma ujumbe: "Samahani, sheri, kama unaogopa maumivu, ni kidogo tu." Hakujibiwa. Akatuma mwingine: "Kama ni rangi ya raba inayofunga waya haikupendezi, iko na ya waridi." Gracieuse alimsomea Bertille, wakatazamana.

"Haelewi hata kidogo," Bertille akasema.

"Njo shida yenyewe," Gracieuse akajibu, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza.

Halafu simu zikaacha kuja. Kimya chake kilimuumiza kuliko ujumbe wa raba.

Jumamosi iliyofuata, joto la kupasua mawe, watu wa soko waliona sweta nyekundu inakuja. Ndani yake alikuwemo Rubens, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu, kifurushi kwapani, na mkono mmoja umefunika mdomo wake. Alifika mezani, akamwamkia Mama Jeannette kwa heshima, mkono hapohapo.

Gracieuse alikuwa ameandaa maneno makali ya wiki nzima. Lakini ule mkono aliutambua. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, umekaa kwenye uso wa mtu mwingine.

"Toa mukono," akasema.

"Wanatazama."

"Mi wananitazama tangu nizaliwe. Toa."

Akautoa. Kwenye meno yake, yaliyonyooka bila shida yoyote, kulikuwa na vyuma, juu na chini.

"Nilimuomba Dokta anibandike hivi vyangu nilivyochora," Rubens akasema, akitema mate kidogo kwenye kila neno. "Nilitaka nijue. Nimekula ndakala, nimekula muhindi wa kuchoma, nimekula sombe. Na nilimuuliza kwa nini umenikasirikia. Akaniuliza: 'Rubens, ulimupenda huyu mutoto siku gani?' Nikasema siku ya bandari, alipocheka. Akasema: 'Alipocheka, uliona nini?' Nikafungua mudomo nimujibu, Gracieuse, na neno lililotoka ni mwanya."

Gracieuse alitazama chini.

"Sasa mbona ulitaka kuufunga?"

"Shuleni walituchorea meno, kila nafasi ni kosa. Nami nilikuwa natazama plasta. Plasta haicheki. Kwenye plasta, mwanya ni nafasi tu."

Akafungua kifurushi. Humo mlikuwa na yale meno ya plasta, yamevaa vifungo vipya vidogo, laini kama migongo ya haragi. Na kati ya meno mawili ya mbele alikuwa ameunganisha kijiti chembamba.

"Huyu njo mulinzi," akasema. "Waya utavuta chonge lishuke. Lakini hawa wawili wa mbele hawasogeleani hata wakitaka. Mwanya wako unabaki vile ulivyo. Nimechora yote upya."

"Na ndoano?" Mama Jeannette akauliza kwa sauti ya polisi.

"Hakuna ndoano, mama."

"Tutaona." Akaukamata upindo wa ile sweta, akausugua kwenye mdomo wa Rubens kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Kushoto, kulia, juu, chini. Rubens alisimama wima, macho yamemtoka. Hakuna uzi ulioshika. Mama Jeannette akamgeukia binti yake.

"Haishiki," akatangaza, na soko zima likapiga vigelegele.

Rubens alipangusa midomo.

"Gracieuse, hivi vitakaa mudomoni mwako muda murefu. Kila mara vinahitaji kukazwa, na mi lazima nikuwe pale. Sasa nilikuwa nawaza... nataka nikuwe pale hata siku hakuna kitu cha kukaza."

"Unaniomba ndoa, ao unanipa randevu, siku ya kurudi kwa daktari?"

"Randevu ya kila siku. Mpaka meno yote yatoke yenyewe."

Gracieuse alicheka. Mkono ulianza kupanda, kwa mazoea yake, ukafika kifuani, ukasita. Halafu ukaenda kwenye kola ya sweta.

"Kwanza vua hii kintu. Watu watafikiri ninaolewa na mugonjwa wa malaria."

"Umekubali?"

"Uje kwa Papa yangu na wazazi wako. Na usimuulize amekula nini."

Siku Dokta Dorothée alipombandika vile vifungo vipya, Rubens alimsindikiza nyumbani. Walisimama langoni jua likiwa linashuka upande wa milima. Huyu ana vyuma, na yule ana vyuma. Ndani ya ua, Mama Jeannette alikuwa anasonga bukari, na pazia la mlango lilikuwa jepesi kuliko wao walivyodhani. Akaona vichwa viwili vimekuwa kimoja, na mwiko ukasimama.

"Gracieuse! Mumekwama?"

"Hapana, mama!" sauti ikatoka langoni, imezibika kidogo. "Havikwami!"

"Sasa mbona hamuachani?"